Vitabu vya Watoto na Kazi za Vijana Katika Nchi ya Palestina

Wasomaji wetu wengi waijua nchi ya Palestina kwa majina yake ya kale. Wakisikia Bethlehemu, Yerusalemu, Nazareti, Yafa na Gaza, hawaoni kwamba wametajiwa miji migeni, maana majina hayo wameyasoma tangu utoto. Lakini habari za watu wakaao huko siku hizi si wengi wazijuao: jinsi walimavyo mizeituni na mizabibu, jinsi waleavyo watoto wao, na jinsi wawafundishavyo kusoma katika nchi ambayo kwa muda mrefu haikupata amani. Katika makala haya twataka kueleza jambo moja tu katika hayo, nalo ni habari za vitabu: jinsi vilivyofika vijijini, jinsi vilivyopotea, jinsi vilivyokusanywa tena, na jinsi vijana wa kiume na wa kike walivyopata kazi kwa ajili yake.

Liko swali liulizwalo kila mahali watu wanapotaka kujenga maktaba. Mzee wa kijiji huuliza, "Je, kitabu kitamlisha mwanangu?" Naye kijana aliyemaliza shule akakosa kazi huuliza swali lilo hilo kwa uchungu zaidi, kwa kuwa yeye amekwisha kuvisoma vitabu na bado mikono yake ni mitupu. Swali hili si la ujinga, wala halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Basi na tutazame mambo yaliyotokea katika Palestina kwa muda wa miaka mia na sabini na zaidi, tuone yatatujibu nini.

Lugha ya Wapalestina ni Kiarabu, na hapo sisi tusemao Kiswahili hatuwi wageni kabisa. Kitabu, katibu na maktaba ni maneno tuliyoyapata katika lugha hiyo, na yote matatu yana shina moja, ambalo maana yake ni kuandika. Maktaba za zamani katika nchi ile zilikuwa za misikiti, za makanisa, za nyumba za watawa, na za jamaa wenye elimu. Iliyo maarufu katika hizo za jamaa ni maktaba ya Khalidi, iliyofunguliwa Yerusalemu mwaka 1900 na Haji Raghib al-Khalidi, kwa mali iliyoachwa na mwanamke wa jamaa hiyo hiyo, Khadija al-Khalidi. Maktaba hiyo ina hati zaidi ya 1,000 zilizoandikwa kwa mkono, nazo hutunzwa hata leo. Lakini mtoto wa mkulima, aliyekaa mwendo wa siku nzima kwa punda kutoka mjini, hakuweza kuingia humo. Yeye alikuwa na chuo cha kijiji, ambamo alijifunza kusoma Kurani kwa moyo, au alikuwa na shule ndogo ya kanisa, ikiwa kijijini palikuwa na Wakristo. Kitabu cha hadithi kilichotungwa kwa ajili ya mtoto hakukiona.

Jambo lililoanza kugeuza hali hiyo ni mashine ya kupiga chapa. Mwaka 1846 watawa wa Mtakatifu Fransisko walianzisha kiwanda cha kupiga chapa katika Yerusalemu, na baada ya muda mfupi kikaanza kutoa vitabu kwa Kiarabu. Yafaa tukumbuke kwamba kiwanda cha namna hiyo hakiendi kwa mashine peke yake. Hutaka mtu wa kupanga herufi za risasi moja moja, mtu wa kusoma na kusahihisha, mtu wa kupaka wino, mtu wa kukunja karatasi, na mtu wa kushona na kujalidi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kitabu kilipoanza kutengenezwa katika nchi ile, kilitaka mikono ya vijana.

Miaka michache baadaye, mwaka 1860, palitokea mauaji makubwa ya Wakristo katika milima ya Lebanoni na mji wa Damasko. Mmishenari mmoja Mjerumani, Johann Ludwig Schneller, akawachukua watoto walioachwa mayatima, akawaleta Yerusalemu, akawafungulia nyumba yao. Nyumba hiyo ilikuja kuwa kubwa sana. Humo mtoto alijifunza kusoma na kuandika, kisha akajifunza kazi: useremala, uhunzi, ushonaji wa nguo na wa viatu, na kazi ya kupiga chapa. Vipofu nao walikuwa na mahali pao, wakafundishwa kusoma kwa vidole na kufanya kazi za mikono. Nyumba hiyo ilifungwa mwaka 1940, katika vita vikuu vya pili, Waingereza walipowazuia Wajerumani na kuyafanya majengo yake kuwa kambi ya askari. Lakini kwa muda wa miaka themanini ilikuwa imewaonyesha watu jambo moja waziwazi, kwamba meza ya kusomea na meza ya seremala zaweza kukaa chini ya dari moja, na mtoto mmoja akaketi penye zote mbili.

Vijijini, maandiko yalifika kwa njia nyingine, nayo ni gazeti. Mwaka 1911, Isa al-Isa na jamaa yake Yusuf al-Isa, Wakristo wa Yafa, walianzisha gazeti lililoitwa Filastin, yaani Palestina, nao walitaka lisomwe na wakulima pia. Watu wengi hawakujua kusoma, walakini hilo halikuwazuia kupata habari. Kila kijiji kilikuwa na nyumba ya wageni, ambayo kwetu tungeiita baraza. Wazee waliketi humo jioni, kahawa ikapita, na kijana mmoja anayejua kusoma akasimama akawasomea wote. Gazeti moja liliwatosha watu thelathini. Kijana yule, ambaye mchana alikuwa mchunga mbuzi tu, jioni alikuwa macho ya kijiji kizima. Twaweza kusema kwamba baraza lile ndilo lililokuwa maktaba ya kwanza ya kijiji: kitabu chake kilikuwa karatasi moja, na mtunzaji wake alikuwa kijana aliyesoma kwa sauti.

Utawala wa Waturuki ulikwisha baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na Waingereza wakaishika nchi hata mwaka 1948. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1931 ilionekana kwamba kati ya Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi vijijini, watu 14 tu katika kila 100 walijua kusoma. Kati ya Wakristo, ambao wengi walikaa mijini na karibu na shule za misheni, walikuwa karibu 58 katika kila 100. Wasichana wa vijijini waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Serikali haikujenga shule za kutosha, hata wanavijiji wengi wakachanga fedha zao wenyewe wakajenga. Mkulima asiyejua jina lake likiandikwa alitoa sehemu ya mavuno ya zeituni ili mwanawe ajue. Wasemao kwamba watu wa shamba hawapendi elimu hawakuwaona wakulima wale.

Katika miaka hiyo hiyo mwalimu mmoja wa Yerusalemu, Khalil Sakakini, alifanya kazi iliyowafaa watoto kuliko majengo mengi. Mwaka 1909 alikuwa amefungua shule ambayo ndani yake watoto hawakupigwa, wala Mkristo na Mwislamu hawakutengwa. Katika miaka ya 1920 akatunga kitabu cha kwanza cha kusomea. Kabla yake mtoto alianza kwa kuimba majina ya herufi kwa miezi mingi bila kujua maana. Sakakini alianza na neno zima lenye maana na picha yake. Neno la kwanza katika kitabu chake ni ras, yaani kichwa. Neno hilo sisi watu wa pwani twalijua, maana nchi iingiayo baharini kama kichwa twaiita rasi. Basi watoto wa Kipalestina wa vizazi vingi walianza kusoma kwa neno ambalo kila mtoto analo juu ya mabega yake mwenyewe.

Ndipo vikaja vita vya 1948. Dola ya Israeli ilisimamishwa, na Wapalestina zaidi ya 700,000 wakatoka au wakatolewa katika nyumba zao, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila wenyewe. Sakakini naye aliondoka nyumbani kwake Yerusalemu mwishoni mwa Aprili mwaka ule, akaviacha vitabu vyake vyote rafuni. Yeye na wenziwe walidhani watarudi baada ya majuma machache. Watumishi wa maktaba kubwa ya Wayahudi ya Yerusalemu wakapita katika nyumba zilizoachwa, wakakusanya vitabu vipatavyo 30,000. Waliovikusanya walisema kwamba wanavilinda visiharibike. Wapalestina walisema, nao wasema hata leo, kwamba wamenyang'anywa mali yao. Vingi vilichanganywa na vitabu vingine, lakini vipatavyo 6,000 vilitiwa alama ya herufi mbili, maana yake mali iliyoachwa, na vimo katika maktaba ile hadi sasa. Sakakini alifariki Kairo mwaka 1953 bila kuviona tena vitabu vyake. Baada ya vita vya 1967 binti zake wawili walikwenda katika maktaba ile, wakaonyeshwa vitabu vya baba yao, navyo vilikuwa na maneno aliyoyaandika pembeni kwa mkono wake. Walivitazama, wakaviacha pale pale, wakaenda zao.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hapa twaona jambo lililo baya zaidi: hata daftari zenyewe zaweza kupotea. Kijiji kikipoteza mashamba kimepoteza chakula chake. Kikipoteza na vitabu, watoto hawawezi tena kujua mashamba yale yalikuwa ya nani. Kwa sababu hiyo Wapalestina walipoanza kukusanya vitabu upya, hawakufanya kama watu watafutao cha kupitishia wakati.

Si kila kijiji kilichoachwa. Maili chache upande wa magharibi wa Bethlehemu kiko kijiji cha Battir, chenye mashamba ya ngazi katika mteremko wa kilima, na chini yake yapita reli ya kutoka Yafa mpaka Yerusalemu, iliyofunguliwa mwaka 1892. Katika vita vile watu wake wengi walikimbia, lakini mwana wa kijiji aliyeitwa Hasan Mustafa alibaki pamoja na wenzake wachache. Wakaanika nguo na kuwasha taa katika nyumba zilizo tupu, ili kijiji kionekane kina watu. Mwaka 1949, mpaka ulipochorwa, ikakubaliwa kwamba wanakijiji waendelee kulima mashamba yao hata yale yaliyo ng'ambo ya mpaka, nao wasiidhuru reli. Watu wakarudi. Hasan Mustafa, ambaye alikuwa mtu wa kalamu, hakuridhika na kuokoa mawe na miti tu. Aliwahimiza wenziwe washughulikie shule ya kijiji, ya wasichana pia, akijua kwamba kijiji kisicho na elimu kitaokolewa leo na kupotea kesho.

Battir ina desturi moja ambayo twapenda wasomaji wetu waijue. Chemchemi yake ni moja, na jamaa za kijiji ni nane. Kila jamaa ina siku yake ya kufungulia maji yaingie mashambani mwake, na hivyo watu husema kwamba juma la Battir lina siku nane. Maji hupimwa, na kila mtu huijua zamu yake. Nao ugawaji huo wa maji, pamoja na mashamba yake, tungali twausifu. Maana mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika mahali pale katika orodha ya urithi wa dunia, na mashamba yenyewe ni ya kale kuliko hesabu zetu. Twautaja mfano huu kwa sababu maktaba ya kijiji haina kanuni nyingine ila hiyo. Kitabu ni kimoja, watoto ni wengi. Kila mmoja ana zamu yake. Yuko mtu aliyepewa kazi ya kuandika nani amechukua na nani amerudisha. Maji yasiyo na zamu huleta ugomvi kisha hukauka, na vitabu visivyo na mtunzaji huisha rafuni katika mwaka mmoja.

Turudi kwa wale waliokimbia. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwasaidia, liitwalo UNRWA, lilianza kazi mwezi Mei 1950, nalo likafungua shule katika mahema. Mwaka 1953 likafungua chuo cha kazi huko Kalandia, karibu na Yerusalemu, vijana wa kambini wakajifunza useremala, ufundi wa chuma, umeme na kazi nyingine. Wazazi waliokuwa wakulima hawakuwa tena na shamba la kumrithisha mtoto. Wakaona kwamba urithi pekee usioweza kuchukuliwa mpakani ni ule ulio kichwani, wakawasomesha watoto kwa bidii iliyoshangaza majirani. Matunda yake yalionekana. Tangu mwaka 1936 walimu wa Kipalestina walikuwa wamekwisha kuitwa Kuweti kufundisha, na baada ya 1948 wakaenda kwa maelfu, wao na mainjinia na makarani, wakawajengea watu wa Ghuba shule zao na ofisi zao, na kuwapelekea wazee wao fedha nyumbani.

Basi mtu atasema, "Kumbe kitabu hulisha." Naam, kililisha. Lakini kilimlisha kijana kwa kumwondoa. Kijiji kilimsomesha, na nchi nyingine ikapata kazi yake. Tena nchi hiyo nyingine yaweza kubadili nia: baada ya vita vya Ghuba vya 1990 na 1991, Wapalestina laki kadhaa waliokuwa wakikaa Kuweti iliwapasa kuondoka, na wengi walirudi na masanduku mawili tu baada ya kazi ya miaka thelathini. Hapo ndipo swali letu la kwanza lipatapo uzito wake wote. Je, iko elimu itakayompa kijana kazi bila kukiacha kijiji chake kitupu?

Jibu lilianza kuonekana katika siku za shida. Tangu vita vya 1967 nchi iliyo magharibi ya mto Yordani, pamoja na Gaza, ilikuwa chini ya jeshi la Israeli. Desemba 1987 watu waliinuka kuupinga utawala huo, na mwezi Februari 1988 jeshi likazifunga shule zote za Ukingo wa Magharibi. Watoto wapatao 300,000 wakakaa nyumbani. Walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao vyuo vyao vilifungwa pia, wakaanza kuwakusanya watoto wa jirani katika vyumba, chini ya miti na katika makanisa na misikiti, wakawafundisha. Kamati za watu zilizoongoza mambo hayo zilipigwa marufuku mwezi Agosti mwaka ule ule. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba kijana wa miaka ishirini aweza kumfundisha mtoto wa miaka saba kusoma, akiwa na kitabu na mkeka tu.

Mwaka 1989 mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Birzeit, Munir Fasheh, alianzisha Taasisi ya Tamer katika mji wa Ramallah ili kazi ile isife. Fasheh amesimulia mara nyingi habari za mama yake, aliyekuwa mshonaji wa nguo na hakujua kusoma wala kuandika. Mama huyo aliletewa kitambaa, akampima mteja wake, akakata kitambaa vipande vingi, kisha akaviunga vikawa vazi lililomkaa mtu sawasawa. Mwanawe, aliyesomea hesabu katika vyuo vikubwa, akatambua kwamba hesabu ya mama yake ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoifundisha yeye, ila tu haikuandikwa popote. Kutokana na hayo alijifunza kwamba elimu ya kitabuni na elimu ya mikono zisitengwe, na kwamba mtoto apewe nafasi ya kuandika yale aonayo nyumbani kwao.

Taasisi hiyo ilishirikiana na makumi ya maktaba za miji, kambi na vijiji. Maktaba ya kijiji katika nchi ile si jengo la fahari. Mara nyingi ni chumba kimoja au viwili, cha baraza la kijiji au cha chama cha wanawake, chenye rafu, mikeka na viti vidogo. Lakini yaliyofanyika ndani yake ni ya kutazamwa. Watoto walipewa kijitabu chenye sura ya pasi ya safari. Mtoto amalizapo kitabu, huandika jina lake humo. Pasi ikijaa, hupewa nyingine. Katika nchi ambayo baba aweza kusimamishwa njiani saa nyingi kwa ajili ya karatasi, mtoto wake ana pasi isiyokataliwa na askari yeyote. Kadhalika watoto walialikwa watunge na kuchora vitabu vyao wenyewe, na vilivyo vizuri vikapigwa chapa. Vijana nao wakapewa gazeti lao, liitwalo Yara'at, waandike mashairi na habari zao. Mwaka 2009 Taasisi ya Tamer ilipewa tuzo ya Astrid Lindgren ya nchi ya Sweden, ambayo ni tuzo kubwa sana ya vitabu vya watoto duniani, yenye kroni milioni 5 za Sweden.

Sasa kazi ya vijana iko wapi katika hayo? Tuhesabu. Kitabu kimoja cha mtoto, kabla hakijafika mkononi mwake, kimepita kwa mtungaji, mchoraji, msahihishaji, mpiga chapa, mchukuzi na mwuzaji. Kikifika kijijini chataka mtunzaji wa kukiandika daftarini, msimulizi wa kukisoma kwa sauti, na fundi wa kukishona kikipasuka. Hizo ni kazi tisa, nazo zote zaweza kufanywa na mtu wa nchi ile ile. Hapo zamani vitabu vya watoto wa Kipalestina vililetwa kutoka Kairo na Beiruti. Tangu vilipoanza kutungwa na kuchorwa kwao, wako vijana waliopata riziki kwa kalamu na kwa rangi bila kuvuka mpaka. Tena kijana aliyekaa mwaka mmoja katika maktaba amejifunza kutunza daftari, kuandika barua, kusema mbele ya watu bila kutetemeka, na kuongoza kundi la watoto. Hayo ndiyo mambo ambayo mwajiri wa kazi yoyote huyauliza kwanza.

Lakini tusiseme zaidi ya kweli. Mwaka 2022, kati ya Wapalestina 100 wenye kutaka kazi, 24 hawakuipata; katika Gaza peke yake walikuwa 45. Na watu hao si wajinga: katika Wapalestina 100 wa umri wa miaka 15 na zaidi, wapatao 98 wanajua kusoma. Babu zao walikosa herufi. Wao wana herufi na hawana kazi. Maktaba haiwezi kufungua njia iliyofungwa na jeshi, wala kurudisha shamba, wala kujenga bandari. Na liko kosa jingine ambalo viongozi wa vijiji hulifanya: humsifu kijana kwa kujitolea, wakamwacha ajitolee miaka mitano bila senti. Kujitolea ni mlango wa kuingilia. Si nyumba ya kukaa. Kijiji kitakacho maktaba na kimlipe mtunzaji wake, hata kama ni kwa mafuta ya zeituni, la sivyo siku moja atafunga mlango aende mjini, na watoto watakuta kufuli.

Habari za Gaza hutuonyesha jinsi kazi hii ilivyo ngumu, na jinsi watu wasivyoiacha. Baada ya vita vya 1914 vya mababu na vya 1948 vya baba zao, vijana wa huko wameona vita vyao wenyewe. Katika vita vya mwaka 2014 Mosab Abu Toha, kijana wa mji wa Beit Lahia, alikuta kitabu katika kifusi cha chuo kikuu alichokuwa amesoma. Akaanza kuomba vitabu kwa watu wa nchi za mbali, na mwaka 2017 akafungua maktaba ya watu wote katika Beit Lahia, akaiita kwa jina la Edward Said, mwanachuoni wa Kipalestina aliyezaliwa Yerusalemu. Mwaka 2019 ikafunguliwa ya pili katika mji wa Gaza. Mwezi Mei 2021 duka kubwa la vitabu la Samir Mansour, katika mji huo huo, lilibomolewa kwa mabomu. Watu wa nchi nyingi wakachanga fedha na vitabu, likafunguliwa tena Februari 2022. Kisha vikaja vita vilivyoanza Oktoba 2023, na maktaba nyingi za Gaza ziliharibiwa pamoja na shule na nyumba, hata hiyo ya Beit Lahia. Mwaka 2025 Abu Toha alipewa tuzo ya Pulitzer ya Marekani kwa makala aliyoandika juu ya mambo hayo. Kijana aliyeanza kwa kuokota kitabu katika kifusi amekuwa mtu ambaye maneno yake husomwa dunia nzima. Lakini rafu alizozipanga kwa ajili ya watoto wa mji wake hazipo.

Tukiyaweka mambo haya yote pamoja, twaona njia moja ikipita katikati yake. Kijana aliyewasomea wazee gazeti barazani, yatima aliyepanga herufi katika nyumba ya Schneller, mwanafunzi aliyewafundisha watoto chini ya mti mwaka 1988, na msichana achoraye picha za hadithi katika Ramallah, wote walifanya kazi ya namna moja. Walisimama kati ya kitabu na mtu asiyekifikia. Kazi hiyo haikuletwa na serikali yoyote iliyopita katika nchi ile, wala haikuondolewa na yoyote. Ilikuwako kila mara watu walipokubaliana kwamba mtoto lazima asome, na kwamba yuko kijana atakayekabidhiwa ufunguo.

Basi mzee aulizaye kama kitabu kitamlisha mwanawe na ajibiwe hivi: kitabu kilichofungiwa sandukuni hakimlishi mtu. Kitabu chenye zamu, chenye mtunzaji anayelipwa, na chenye watoto wanaokingoja, kimewalisha Wapalestina wengi, na pale kiliposhindwa kuwalisha, kiliwafanya wasisahau walivyo na walikotoka. Vijiji vyetu vingi vina chumba kimoja kisichotumika na kijana mmoja asiye na kazi. Kamati ya kijiji ikikutana mwezi ujao, na iviandike vyote viwili katika daftari moja.